Adui kwa Vitendo

"Sitaki! Nimesema sitaki, na ukirudia tena nitakushonea godoro nikutie kunguni humo humo!"

"Mzee Pazi, nani kakuomba godoro? Nimekuomba uadui."

"Uadui? Mimi?"

"Wa siku moja tu! Unakuja pale chuoni, unasimama, unakuwa adui, mwanangu anakushinda, unarudi kula pilau. Hiyo nayo kazi?"

"Anishinde nani? Chande? Kitoto nilichokifuta makamasi kwa shati langu hili hili?"

Uchochoro mzima wa Kota Mpya ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wametoka na vigoda vyao, wengine na sahani zao, maana ugomvi wa Bi Siwema na Mzee Pazi haukuwa wa kuusikilizia dirishani. Bi Siwema, mjane, mama wa kadeti Chande, alikuwa kajifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kutwanga. Mzee Pazi, fundi magodoro, alikuwa kaishika sindano yake ndefu na kuinyoosha kila alipotaka kuweka nukta. Na mkewe Pazi, Bi Hadia, alikuwa kaegemea mlango akitafuna karanga na kuchochea pande zote mbili, kwa sababu ugomvi ukiisha mapema watu hurudi makwao, na Bi Hadia hakupenda kibaraza kitupu.

"Mkubalie, mume wangu," alisema. "Mbona kwangu umekuwa adui miaka yote bila kuombwa?"

Watu wakacheka hadi karanga zikamwagika.

Sasa, msomaji, kabla hujauliza: nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Iko mbali sana na hapa. Usianze kuchungulia dirishani. Ni nchi ya amani, yenye jeshi kubwa, na jeshi hilo lina chuo, na chuo hicho kinaitwa Chuo Kikuu cha Kijeshi cha Ushindi wa Kudumu. Zamani, watu wanasema, makadeti walifundishwa kulenga shabaha, kusoma ramani na kuvuka mto. Kisha ikaundwa Kamati ya Kuboresha Mtaala, nayo ikagundua kwamba bunduki zinapiga kelele wakati wa mihadhara, ramani zinawaonyesha vijana njia za kutokea, na mto una maji. Mambo hayo yakaondolewa.

Badala yake mwaka wa kwanza kadeti akasoma Saluti ya Nadharia. Ile ya vitendo ilisubiri mwaka wa pili, maana mkono usiinuliwe kabla haujaeleweka. Akasoma Historia ya Ushindi Ujao. Akasoma Hesabu za Kijeshi, ambamo wafu wa adui huzidishwa, wa kwetu hugawanywa, na baki hupewa pole. Akasoma Jiografia kwa ramani yenye Ikulu katikati, na pembeni pote pameandikwa "Wananchi". Na lililokuwa gumu kuliko yote, akasoma Kutocheka. Somo hilo lilifundishwa na meja mmoja aliyekuwa akitoa vichekesho saa ya uji. Aliyecheka alirudia mwaka. Kuna vijana waliozeekea hapo kwa ajili ya kichekesho kimoja cha mbuzi na hakimu.

Chande, mtoto wa Bi Siwema, aliyafaulu yote. Kutocheka alikuwa wa kwanza chuo kizima. Kilichomkwamisha ni mtihani wa mwisho, Adui kwa Vitendo.

Shida ni kwamba nchi haikuwa na adui. Jirani wa kaskazini alikwisha kusamehe, na jirani wa kusini hakuwa na habari kwamba kuna mpaka. Kuna wakati chuo kiliajiri adui mmoja wa kudumu, mzee mwenye adabu zake, akashindwa na makadeti vizazi kwa vizazi hadi akastaafu, na bajeti haikuruhusu mwingine. Basi ikaamuliwa kila kadeti aje na adui wake kutoka nyumbani. Katika mahitaji ya kujiunga, adui aliwekwa baada ya ndoo na kabla ya fagio la njiti. Awe jirani, awe mzima wa afya, na asiwe ndugu. Mtoto wa waziri alikuja na adui kutoka nje ya nchi, mwenye viatu vyake. Watoto wa wanyonge walihangaika. Chande alikuwa karudia mwaka mara chungu nzima, wenzake wamekwisha kuwa makapteni wenye vitambi, yeye bado anabeba ndoo.

Mzee Pazi alikuwa bado kanyoosha sindano. "Arudie tena mwaka! Kwani ana haraka gani? Vita viko wapi?"

Hapo Bi Siwema akaifungua kanga kiunoni, akaifunga upya polepole, na sauti yake ikashuka. "Mwaka huu hakuna kurudia. Wametoa kanuni mpya. Kadeti asiyeleta adui, yeye mwenyewe atahesabiwa adui. Wanasema asiyekuwa na maadui lazima anaelewana nao."

Hata Bi Hadia aliacha kutafuna.

"Na wanaohesabiwa hivyo," akauliza Mzee Pazi, "wanapelekwa wapi?"

"Nani kasema wanapelekwa mahali?" alisema Bi Siwema. "Hawaonekani tu."

Mzee Pazi akaichomeka sindano kwenye kofia yake. "Lione jitu la Kilima! Linaacha la maana, linaniletea habari za pilau. Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Ungenionea huruma. Sitaki huruma ya mtu wa Bonde."

"Na mimi huruma sina. Nyama iwe nyingi. Siwi adui wa maharage."

Hapo ndipo ujue kwamba watu wa Kilima na watu wa Bonde ni watani. Ni utani wa tangu mababu, hakuna aujuaye mwanzo wake. Mtu wa Bonde atakuja harusini kwako akwambie bibi harusi ana miguu ya bata, nawe unampa soda. Atalala ndani ya kaburi la baba yako na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Watu wa Kilima huambiwa walikula mbegu kabla mvua haijanyesha. Watu wa Bonde huambiwa walimuuza bibi yao kwa kibaba cha chumvi. Na mtani akikunyang'anya kofia, unaikomboa kwa jogoo, mnacheka, mnamla pamoja. Kosa ni moja tu katika utani, nalo ni kukasirika. Kwa hiyo Bi Siwema alipotafuta adui asiyekuwa na madhara hakuzunguka mbali. Alivuka uchochoro.

*

Siku ya mtihani Mzee Pazi alivaa kanzu yake ya harusi. Alisema kama ni kushindwa, ashindwe akiwa nadhifu. Bi Siwema na Bi Hadia walikaa bega kwa bega kwenye viti vya wazazi, sufuria ya pilau imeachwa nyumbani jikoni, imefunikwa kwa makaa.

Mkuu wa chuo, Brigedia Kingazi, alihutubia. Alisema taifa lisilo na adui ni kama mlango usiokuwa na kufuli. Alisema adui wa leo si adui wa jana, na wa kesho ataandaliwa kwa wakati. Aliwashukuru maadui kwa kufika mapema. Pembeni yake alikaa Mheshimiwa Waziri, na makadeti waliosoma Kusinzia kwa Ukakamavu walionyesha kwamba ada zao hazikupotea.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Adui anasogea kwenye mstari wa chokaa, anasema "Mimi ni adui," kadeti anamgusa kwa kirungu, adui anaanguka, watu wanapiga makofi. Walianguka mmoja mmoja, wakitetemeka, na mmoja alianguka kabla hajaguswa akaambiwa arudie.

Ikafika zamu ya Chande. Mzee Pazi akasogea kwenye mstari. Lakini badala ya kusema maneno aliyofundishwa, alimkazia macho Brigedia jukwaani.

"Kingazi," akasema. "Kingazi? Hilo si jina la Kilima hilo? Ala! Kumbe mla mbegu mwenzao ndiye kakalishwa juu?"

Bi Siwema alicheka, kicheko cha peke yake katika uwanja mzima. Bi Hadia akapiga kigelegele. Msiwalaumu. Pale Kota Mpya hakuna mtu wa Bonde anayeweza kumpita mtu wa Kilima aliyekaa vile, kavimba kifua, kavaa kofia yenye nyuzi za dhahabu. Ni kama kumpita mtoto anayelia. Mzee Pazi akapanda ngazi za jukwaa, kanzu kaishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akainyakua ile kofia.

"Ikomboe, mtani! Lete jogoo, au kofia hii naenda kuatamishia kuku!"

Bendera zikasikika zikipepea.

Bi Siwema aliyaona haya kwa macho yake, na baadaye aliyasimulia kila mahali alipokaribishwa kiti, na hakuna aliyetaka kuyasikia. Aliona masharubu ya Brigedia yakitikisika. Aliona mdomo ukianza kufunguka upande mmoja, ule upande wanaochekea watu wa Kilima wote. Aliona mkono wake ukiingia mfukoni, kama ambavyo ungeingia mkono wa babu yake, kutafuta cha kukombolea. Kisha Brigedia akageuza jicho na kumwona Waziri. Na Waziri alitoka upande wa nchi ambako watu hawana watani. Alikuwa anatazama tu, akisubiri kuona jeshi linafanya nini linaponyang'anywa kofia.

Mkono ukatoka mfukoni na leso. Brigedia akajifuta jasho.

"Kadeti!" akasema. "Rejesha kofia ya taifa!"

Chande akapanda jukwaani mbio. Midomo yake ilisema kitu, na mama yake, aliyemfundisha kusema, alikisoma kutoka mbali: Baba Pazi, nipe.

"Chukua, mwanangu, kwani nini?" alijibu Mzee Pazi, akampa kofia kama unavyompa mtoto kikombe akupelekee jikoni. Kisha akakumbuka alichoitiwa, akalala chini mwenyewe, taratibu, kwa kuhofia kanzu.

Makofi yalipigwa mpaka Waziri naye akapiga. Chande akavishwa medali papo hapo, medali ya kwanza ya mapambano tangu nchi hiyo ianze kutengeneza medali. Na askari wawili wakamwinua Mzee Pazi wakamwingiza ndani.

Bi Hadia akamwambia Bi Siwema, "Wanampeleka kunawa."

Walimsubiri getini mpaka walinzi wakaanza kufagia.

*

Mwanzoni mtaa ulitania. Walisema Mzee Pazi kapata malazi ya bure, kawakimbia wanaomdai magodoro. Pilau ikaliwa na majirani, sahani yake ikawekwa kando, kisha ikapashwa moto, kisha wakapewa kuku. Ndipo utani ukaanza kupungua, na habari zikaanza kutoka chuoni, kupitia kwa wapishi na mafundi cherehani. Mzee Pazi hayuko mahabusu, walisema, hasha. Yuko stoo ya vifaa vya kufundishia, pamoja na tufe la dunia na kiunzi cha mifupa cha plastiki. Chuo kilikuwa hakijawahi kupata adui mwenye kipaji kama yule, na kikaona haya kumrudisha.

Kibaraza cha Bi Hadia kikaanza kupwaya. Aliyekuwa akija kuomba chumvi akakumbuka kwamba anayo. Aliyekuwa akija kusukwa akanyoa. Hakuna tangazo lililotolewa, lakini watu wa nchi ile walikwisha kusoma sana bila kwenda shule.

Bi Siwema akaenda kwa Brigedia. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka akawajua walinzi kwa majina ya wake zao, na hatimaye akaingizwa ndani. Brigedia alifunga mlango mwenyewe. Kofia ilikuwa mezani, na alikuwa kaiwekea kitabu juu.

"Mheshimiwa," alisema Bi Siwema, "wewe ni wa Kilima, na mimi ni wa Kilima. Yule ni mtani wetu. Alikudai jogoo."

"Najua, mama."

"Jogoo nimekuja naye. Nimemfunga hapo nje kwa mlinzi. Ukubali tu kwamba umekomboa, mtu wangu atoke."

Brigedia aliangalia dirishani. "Mama, mimi najua ni utani. Babu yangu alizikwa huku watu wa Bonde wamekaa ndani ya kaburi lake wakidai tumbaku. Lakini mtaala haujui. Aliyechukua kofia ya mkuu wa chuo mbele ya Waziri ni adui. Kama si adui, basi mwanao alimpambania nani? Medali ile itakuwa ya nini? Na mimi niliyeitoa nitakuwa nani?"

"Basi mkubalie asalimu amri. Mtu akisalimu amri si mnamwachia?"

"Amekwisha kusalimu. Anasalimu kila asubuhi." Brigedia aliketi. "Kumpokea anayesalimu amri ni somo, mama. Linafundishwa mwaka wa nne."

"Na mwaka wa nne ni lini?"

"Chuo ni cha miaka mitatu."

Bi Siwema akasema, "Si kuna amani? Nchi zinapatana."

"Amani inahitaji kutanguliwa na vita. Nilipeleka ombi juu. Nimejibiwa kwamba nchi haiwezi kujidhalilisha kwa kumtangazia vita fundi magodoro." Akainuka, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha. Mlangoni akashusha sauti. "Ni mchekeshaji sana yule mzee. Jana kasema mifupa ile ya plastiki ni mtu wa Kilima aliyesubiri mvua. Nilitoka nje nikaenda kukohoa nyuma ya bohari."

Bi Siwema alipotoka, mlinzi alimwambia jogoo kachukuliwa kama kielelezo.

*

Chande alikuja nyumbani siku moja, luteni, medali kifuani. Mama yake alimpikia, akakaa mbele yake akimtazama anavyokula kwa mgongo ulionyooka.

"Unamwona Baba Pazi?"

"Adui yuko chini ya ulinzi wangu," alisema Chande. "Ndiyo kazi niliyopangiwa. Kila afisa analinda adui wake."

"Nimekuuliza unamwona."

Chande akaweka kijiko. "Namwona, mama. Kila muhula wanamtoa, makadeti wapya wanamshinda, wanamrudisha. Magoti yamemvimba kwa kuanguka. Kanzu imechanika, kaishona mwenyewe. Wamemwachia sindano, wanasema ni silaha yake, adui hawezi kukosa silaha."

"Hakunitumia neno?"

"Kasema pilau yako ilikuwa janja. Kasema watu wa Kilima wameanza lini kupika nyama, kama si kumtega mtu."

Bi Siwema akacheka na machozi yakamtoka. Alimtazama mwanawe ili wacheke wote. Uso wa Chande ulikuwa umetulia kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Cheka basi, mwanangu. Hapa ni nyumbani."

"Ananitania kila asubuhi nikifungua mlango," alisema Chande. "Ananiita kitoto cha makamasi. Nami najaribu. Hapo nyuma ya mlango, nikiwa peke yangu, najaribu. Haitoki, mama. Nilifaulu mno."

Aliondoka bila kumaliza chakula. Alipita mbele ya mlango wa Bi Hadia akiangalia mbele, kwa hatua za gwaride, na Bi Hadia akaacha kufagia mpaka alipopita.

Jambo lililomuuma Bi Siwema kuliko yote ni salamu. Tangu siku ya kofia, Bi Hadia hakumtukana hata mara moja. Walipokutana bombani alimwambia, "Habari za asubuhi, Mama Afisa. Umeamkaje? Watoto wazima?" na kumpisha atangulie kuchota. Heshima tupu, kama anayezungumza na mgeni kutoka wizarani. Bi Siwema alirudi na ndoo yake kichwani akitamani aambiwe mla mbegu angalau na kuku. Alijaribu yeye kuanza. "Leo hamna bibi wa kuuza?" alisema siku moja. Bi Hadia akamjibu, "Hapana, asante," akaenda zake.

Kisha jioni moja, wakati Bi Siwema anapakua, kukabishwa hodi. Alifungua akamkuta Bi Hadia kasimama nje ya kizingiti, kajifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kutwanga. Nyuma yake, upande wa pili wa uchochoro, binti yake Mwanakheri alikuwa kasimama mlangoni kwao, kanyoa nywele. Miguuni pake palikuwa na ndoo mpya, na fagio la njiti.

Bi Siwema alitazama ndoo. Akatazama fagio. Akatazama nafasi iliyokuwa katikati ya vitu hivyo.

"Kapokelewa chuoni," alisema Bi Hadia. "Mwenyewe kaomba. Hakuna anayeingia ile stoo ila kadeti. Kasema angalau akamwone baba yake. Hata kama ni kwa kumgusa na kirungu."

"Hadia."

"Ndugu hawatakiwi. Lazima awe jirani, mzima wa afya. Na wasiomleta adui, kanuni unaijua, uliniambia wewe mwenyewe pale kibarazani kwangu."

Ndani ya Bi Siwema neno "sitaki" lilikuja mpaka kwenye meno. Alikuwa na haki nalo. Alikuwa mama wa afisa, mwenye presha, na magoti yake hayakuwa ya kuanguka kila muhula. Na alijua, kama Bi Hadia alivyojua, kwamba ile si kazi ya siku moja. Kwamba stoo ile ina nafasi kati ya tufe la dunia na mifupa. Kwamba atakayemfungulia mlango asubuhi ataitwa luteni, au ataitwa Mwanakheri, na hatacheka.

Uchochoro ulikuwa mtupu. Hakuna aliyetoka na kigoda.

"Mbona umenitumbulia macho?" Bi Hadia alisema, na sauti yake ilikatika katikati, lakini aliimalizia. "Kama umekula mbegu za watu, sema. Mla mbegu mkubwa wee!"

Neno hilo Bi Siwema alikuwa amelisubiri tangu siku ile ya jukwaa. Alikuwa keshaanza kuwaza avae kanga gani, kwa sababu kama ni kushindwa, mtu ashindwe akiwa nadhifu.

Akasogea pembeni, mlango akauacha wazi.

"Ingia ndani, muuza bibi wee," alisema. "Na huyo kipara wako mwite. Chakula kinapoa, njooni tule kwanza."